Namna ya Kuandika Filamu ya Taharuki ya Mtu Aliyejifungia Ndani na Majirani Waongo

The Woman in the Window ilitoka Netflix tarehe 14 Mei 2021 ikiwa na kila kitu ambacho mwandishi wa taharuki angekiomba. Amy Adams ni Anna Fox, mwanasaikolojia wa watoto asiyeweza kutoka nje ya nyumba yake ya Harlem, New York. Ng'ambo ya barabara wamehamia akina Russell, na baba wa familia hiyo, Alistair, ni Gary Oldman. Mwongozaji ni Joe Wright, skripti ni ya Tracy Letts, na riwaya iliyozaa hadithi hiyo iliuzwa sana. Pamoja na yote hayo, watazamaji wengi waliimaliza wakiwa hawajaridhika. Haikukosa fedha wala waigizaji. Imeangushwa na ufundi wa hadithi, na makosa yake yako wazi kiasi kwamba anayetaka kuandika hadithi ya aina hii anaweza kuyachambua moja baada ya jingine. Mwisho wake tutautaja humu, kwa hiyo kama hujaitazama na unapanga kuitazama, anza huko.

Kosa kubwa ni hili: filamu yenyewe inamficha mtazamaji mambo, badala ya majirani kumficha mhusika. Katika hadithi iliyosimama vizuri, waongo ni watu. Kamera inaonyesha kilichopo, ila sisi na mhusika tunakisoma vibaya. Mtazamaji akigundua kwamba alidanganywa na jirani, anafurahi. Akigundua kwamba alidanganywa na mwandishi, anakasirika, na ana haki.

Andika uongo kwanza, dirisha baadaye

Wengi huanza na picha ya mtu amekaa dirishani. Iache kwanza. Chukua daftari uandike kurasa mbili au tatu za kilichotokea kweli nyumba ya pili, kwa mpangilio wa saa, kana kwamba unatoa maelezo kituo cha polisi. Nani alikufa, saa ngapi, nani alikuwepo, mwili ulitolewa kwa mlango upi, gari lilikuwa la nani, nani alisafisha. Kurasa hizi hazitaonekana kwenye filamu, lakini bila hizo utafika ukurasa wa 70 hujui muuaji alikuwa wapi Jumanne jioni, na utaanza kuziba matundu kwa maelezo marefu.

Tuchukue mfano tutakaoutumia hadi mwisho. Bi. Zuhura ni fundi cherehani wa miaka 58, anaishi ghorofa ya pili Upanga, Dar es Salaam, na hajashuka ngazi kwa muda mrefu. Jengo la pili, ng'ambo ya uwanja, anaishi kijana Hamisi na mkewe Rehema, pamoja na mama yake Hamisi, muuguzi mstaafu anayepokea pensheni kila mwezi. Mama anafariki usiku, kifo cha kawaida kabisa. Hamisi ana madeni, na pensheni ndiyo inayolipa kodi. Wanamzika kimya kimya shambani Mkuranga na kuwaambia watu kwamba mama ni mgonjwa, hataki wageni. Siku ya uhakiki wa wastaafu inakaribia, kwa hiyo wanamleta mwanamke wa umri ule ule, wanamvisha nguo za marehemu na kumzoesha kukaa kibarazani ili majirani wamwone.

Uongo huu una faida tatu. Umeanza na jambo dogo linaloeleweka: fedha ya kodi. Unawalazimisha waongo kufanya kazi kila siku, na kila kazi inaacha alama. Tena hauhitaji mwendawazimu. Kwenye filamu ya Netflix tunaambiwa dakika za mwisho kwamba kijana Ethan Russell ni muuaji anayefurahia kuua, na basi. Hakuna uongo wa kuufuatilia hapo, kwa sababu sababu yenyewe haikutandazwa mapema. Linganisha na David, mpangaji wa chini ya nyumba ya Anna. Huyu anaficha kwamba Katie, yule mwanamke ambaye Anna alidhani ni mke wa Russell na akamwona dirishani akichomwa kisu, alikuwa naye usiku. Amewahi kufungwa na anaogopa kuhusishwa. Uongo wake ni mdogo, una hofu ndani yake, na unampoteza mpelelezi kwa haki. Ndiyo sehemu bora ya maandishi yale.

Sasa chora jedwali la safu nne: saa, kilichotokea kweli, alichokiona Zuhura, alichokiona mtazamaji. Lijaze kwa kila tukio. Saa tisa usiku: Hamisi na dereva wanateremsha kitu kizito kilichoviringishwa kwenye mkeka. Zuhura amelala kitini. Mtazamaji anaona taa ya ngazi ikiwaka na kuzimika mara mbili. Saa mbili asubuhi: Rehema anaanika shuka tatu siku isiyo ya kufua. Zuhura anaona, hajali. Safu ya tatu na ya nne zikifanana kwenye mistari yote, huna taharuki, una taarifa. Zikitofautiana kila mstari, mtazamaji atapotea.

Halafu mpe kila jirani uongo wake, hata asiye na hatia. Mlinzi wa jengo anasema hakuona gari kwa sababu alikuwa amelala zamu. Muuza duka anasema mama alinunua maziwa jana kwa sababu Rehema ndiye aliyenunua kwa jina la mama, na daftari la mkopo linasema hivyo. Kwa kila mmoja andika sentensi moja ya alichosema na sentensi moja ya anachokilinda. Ukikosa ya pili, mtoe mhusika huyo. Alistair Russell anafoka karibu kila anapotokea, na mke halisi, aliyechezwa na Jennifer Jason Leigh, hana nafasi ya kusema zaidi ya sentensi chache. Majirani wawili waliotakiwa kubeba nusu ya filamu wamebaki sura tu.

Mtu wa ndani

Sababu ya kujifungia lazima iwe na vipimo. Ukichagua agorafobia, ijue. Si woga wa uwanja mpana peke yake. Ni hofu ya kuwa mahali ambapo ukishikwa na kiwewe itakuwa vigumu kutoroka au kupata msaada. Mwongozo wa uchunguzi wa magonjwa ya akili wa Marekani, DSM-5, unataja mazingira matano: usafiri wa umma, maeneo ya wazi, maeneo yaliyofungwa kama duka au ukumbi, foleni au umati, na kuwa nje ya nyumba peke yako. Mgonjwa anaogopa angalau mawili kati ya hayo, na hali hudumu kwa kawaida miezi 6 au zaidi. Shambulio la kiwewe lenyewe hupanda haraka, likafika kilele ndani ya dakika chache: moyo kwenda mbio, jasho, mikono kutetemeka, pumzi kukata, uhakika kwamba unakufa. Mwigizaji akizirai kila akifungua mlango, umeandika kitu kingine. Mara nyingi mtu huganda, anashika fremu ya mlango, anarudi nyuma hatua moja moja.

Kisha jibu maswali ya maisha. Nani anamletea mtungi wa gesi? Analipaje, kwa simu au anashusha kikapu kwa kamba? Takataka zinatokaje? Umeme ukiisha kwenye mita usiku, ananunua vipi kama simu haina salio? Kila jibu ni mlango wa mtu mwingine kuingia kwenye hadithi, na kila anayeingia anaweza kuleta habari, ya kweli au ya uongo. Kijana wa bodaboda anayemletea Zuhura vitambaa atakuwa miguu yake, kwa hiyo mjenge mapema, kabla hajahitajika.

Hapa mwandishi wa Kiswahili ana kazi ambayo wa New York hana. Mtaa wa Harlem kwenye filamu unamruhusu Anna kusahaulika. Upanga, Buruburu ya Nairobi au Mji Mkongwe wa Zanzibar, mtu haachwi hivyo. Watu hupiga hodi. Akikosa msiba mmoja anaulizwa, akikosa miwili anasemwa, na baada ya hapo kuna wanaoanza kunong'ona kwamba ana jini au anafuga mambo. Usilikwepe hili, litumie. Minong'ono hiyo ndiyo itakayowafanya watu wasimwamini Zuhura atakaposema mama wa Hamisi amekufa, na huhitaji kumlewesha kwa mvinyo na vidonge, kama Anna, ili ashukiwe. Tena majirani waongo wana silaha ya bure: wanakuja kumjulia hali. Rehema akipanda na bakuli la futari, akaketi, akauliza taratibu kama Zuhura analala vizuri siku hizi, hilo linatisha kuliko kisu.

Dirisha lina sheria zake

Ukikosea hapa, fundi yeyote wa kamera atakukamata. Mchana, ndani ya nyumba ya jirani ni giza ukilinganisha na nje. Kutoka mbali utaona kioo cheusi au taswira ya mawingu. Usiku, jirani akiwasha taa unaona sebule yake yote, ila kama na wewe umewasha yako, kioo chako kinakuwa kioo cha kujitazamia. Kwa hiyo mtu anayechungulia usiku lazima azime taa kwanza. Hicho ni kitendo cha kuigizwa: Zuhura anazima taa, na ng'ambo Rehema anajua kwamba amezima ili aone. Usiku mwingine ni Rehema anayezima.

Pima umbali kabla ya kuandika tukio. Kwa mita 20 macho matupu humtambua mtu unayemfahamu kwa umbo na mwendo, lakini chozi hulioni. Kujua lenzi itabeba nini, zidisha upana wa sensa (sehemu ya kamera inayopokea mwanga) kwa umbali, gawa kwa urefu wa lenzi. Sensa ya fremu kamili ina upana wa milimita 36. Kwa mita 20, lenzi ya milimita 50 inaonyesha upana wa mita 14.4, yaani ukuta mzima wa jengo. Ya 200 inaonyesha mita 3.6, mtu mzima na kiti chake. Ya 400 inaonyesha mita 1.8. Kwenye kamera ya sensa ya APS-C, ambayo ni ndogo kuliko fremu kamili, lenzi ya 135 inakaribia sana ile ya 200. Ukiandika "tunaona pete kidoleni" na mna lenzi ya 85 tu, shoti hiyo haipo.

Nondo za dirisha na wavu wa mbu ni mtihani mwingine. Ukisogeza lenzi karibu kabisa na wavu na kufungua tundu la lenzi, kwa f/2.8 au chini, wavu unayeyuka machoni. Ukikaa mbali nao na kufunga hadi f/8, picha itajaa mistari inayochezacheza na hakuna mhariri atakayeiondoa vizuri.

Shaka yenye haki

Anna Fox anaongea na mumewe na binti yake mara kwa mara. Katikati ya filamu polisi wanafichua kwamba wote wawili wamekufa katika ajali ya gari. Wazo lenyewe ni zuri. Lililoharibika ni wakati wake: pigo hilo linakuja pamoja na lile la kuthibitisha kwamba mashahidi wote wanamkana. Mapigo mawili kwa wakati mmoja yanauana. Baada ya hapo hatujui tumlilie, tumwogope au tuanze upya kuhesabu ushahidi.

Yatenganishe kwa kurasa 15 angalau, na hakikisha ukirudi nyuma alama zipo. Kama Zuhura anaongea na mwanawe aliyekufa, basi simu yake isiite hata mara moja kabla ya mazungumzo. Chai imiminwe kikombe kimoja. Mtoto asiwahi kutaja jambo ambalo Zuhura halijui. Mtazamaji hatayaona mara ya kwanza, lakini atakapoambiwa atayakumbuka, na hapo ndipo atakapokusamehe.

Vidonge vitumike kwa uangalifu. Ukiandika kwamba dawa inamfanya mtu aone visivyokuwepo, muulize mfamasia ni dawa gani, kwa kiasi gani, ikichanganywa na nini. "Dawa zake" bila jina ni njia ya mkato, na mtazamaji anaijua.

Kuna funzo kubwa kwenye Rear Window ya Alfred Hitchcock ya mwaka 1954, filamu ambayo hadithi zote za aina hii zinaishi kivulini mwake. Mpiga picha mwenye mguu uliofungwa plasta anamshuku jirani, Thorwald, kwamba amemuua mkewe. Usiku mmoja shujaa akiwa amesinzia, kamera inatuonyesha Thorwald akitoka na mwanamke. Sisi tumeona, shujaa hakuona. Tangu hapo tunajua jambo linaloelekea kumkanusha mtu tunayempenda, na tunabaki nalo tumboni. Shaka imeingizwa kwa kumpa mtazamaji habari zaidi, wakati filamu ya 2021 iliiingiza kwa kumnyima.

Kidokezo kimoja, mara tatu

Kidokezo kikuu kitokane na kazi ya mhusika. Mama yake Hamisi alikuwa na bega la kulia lililoshuka. Zuhura ndiye aliyemshonea gauni la kijani, na upande wa kulia aliteremsha mshono wa bega kwa sentimita moja na nusu ili shingo ikae sawa. Mtu mwenye mabega yaliyolingana akilivaa, kitambaa kinavutika kulia na mkunjo unajitokeza chini ya shingo ukielekea ncha ya bega.

Ukurasa wa 10 tumwone Zuhura akipima bega kwa futi ya kamba na kuweka alama kwa chaki. Mama yuko hai, wanacheka, mtazamaji anadhani ni tukio la urafiki. Ukurasa wa 40 mwanamke amekaa kibarazani na gauni la kijani, mkunjo upo, hakuna anayeutaja, shoti isizidi sekunde tatu. Ukurasa wa 75 Zuhura anavalisha gauni jingine kwenye sanamu ya kushonea, anaona mkunjo ule ule, mkono unasimama. Usimwandikie neno hapo.

Kwenye The Woman in the Window ushahidi kwamba Katie aliwahi kuwepo ni picha ya paka kwenye simu ya Anna, ambamo sura ya Katie inaonekana kwenye glasi ya mvinyo. Picha ilikuwamo humo muda wote. Anna hakuitafuta kwa akili wala kwa taaluma yake. Aliikuta tu, na kukuta hakumpi mhusika sifa yoyote.

Kufika mwisho

Muuaji asieleze. Ethan anasimama ndani ya nyumba ya Anna na kusimulia alichofanya na kwa nini, kisha filamu inageuka ya kukimbizana hadi juu ya paa, na anakufa kwa kuanguka kupitia kioo cha paani. Saa nzima ya minong'ono na mapazia imelipwa kwa mieleka. Kama hadithi yako inahitaji hotuba ya zaidi ya nusu ukurasa ili ieleweke, tatizo liko kwenye vidokezo, rudi huko.

Silaha ya mwisho itoke kwenye kazi ya mhusika na iwe imeonekana mapema. Mpiga picha wa Hitchcock anajikinga kwa balbu za flashi za kamera yake, anazipasua moja moja machoni pa Thorwald gizani. Zuhura ana pasi, ana makasi, lakini silaha yake kubwa ni kipimo: daftari lenye vipimo vya mama, tarehe na saini. Rehema anajua likifika kwa ofisa wa uhakiki mambo yamekwisha. Mgogoro wa mwisho uwe juu ya daftari hilo, na kulifikisha kunamtaka Zuhura ashuke ngazi. Mtoe nje mara hii moja tu katika filamu nzima. Ukimtoa ukurasa wa 30 kwa majaribio na tena wa 55, ngazi zitakuwa zimechoka kabla ya siku yake.

Siku za kupiga picha

Ukurasa mmoja wa skripti ni takriban dakika moja. Kurasa 90 kwa kasi ya kurasa tano au sita kwa siku ni siku 15 hadi 18, na nyumba moja inaokoa fedha nyingi za usafiri. Umeme wetu ni wa hezi 50, kwa hiyo piga fremu 25 kwa sekunde na shata (muda wa kila fremu kupokea mwanga) ya sekunde 1/50. Simu nyingi hujiweka kwenye 30, na chini ya tyubu taa au balbu za LED za bei nafuu picha itapepesa.

Sauti ndiyo nusu ya filamu hii, maana mtu wa ndani husikia zaidi ya anavyoona. Rekodi sekunde 60 za ukimya wa kila chumba. Zima feni na friji, na funguo za gari ziweke ndani ya friji ili hakuna anayeondoka jioni bila kuiwasha tena. Nyumba ya bati haifai msimu wa masika. Nyayo za ngazini, mlango wa chuma, cherehani na bakuli la Rehema likiwekwa mezani virekodi peke yake, kipaza sauti sentimita 20 hadi 30 kutoka kwenye kitu.

Wasomaji watano

Kabla ya kukodi hata taa moja, wape skripti watu watano wasiojua hadithi. Wasimame ukurasa wa 30, wa 60 na wa 80, na kila mara waandike mambo matatu: wanadhani nini kimetokea, nani anadanganya, na swali gani wanalotaka lijibiwe. Ukurasa wa 60 majibu yakitofautiana lakini kila mtu ana jibu, uko vizuri. Wakiandika "sielewi", hilo si fumbo, ni tundu, na lizibwe sasa. Filamu ya Netflix ilipigwa picha New York mwaka 2018, na ni watazamaji wa majaribio waliochanganyikiwa baadaye waliosababisha sehemu ziandikwe na kupigwa upya, tarehe ya Oktoba 2019 ikasogezwa hadi Mei 2020, kisha korona ikafunga kumbi. Kwenye karatasi marekebisho hayo yangegharimu wiki chache na wino.

Ukimaliza kuandika upya, tafuta wasomaji wengine watano. Wale wa kwanza tayari wanajua nani aliyevaa gauni la kijani.